Pini ya Mlango wa Dereva

Boneti unaweza kuibeba ukaenda nayo nyumbani. Madigadi pia, bampa pia, hata mlango, ukishatoka kwenye gari unaulaza kwenye mkokoteni na hakuna atakayekuuliza. Lakini pini ya bawaba haibebeki. Pini iko ndani ya bawaba, bawaba imeshikana na gari, na gari liko gerejini mbele ya macho ya watu. Hapo ndipo Nyoosha aliponaswa.

Nyoosha si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la gerejini, kwa sababu hapakuwa na bati lililopinda likamshinda kulirudisha. Sifa hizo zilikuwa za zamani kidogo. Tangu mlango wa lori ulipomwangukia begani, mkono wake wa kulia ulishuka lakini haukupanda. Ungeweza kumwinulia ukauweka juu ya meza, na ungekaa. Akiuinua mwenyewe uliishia kifuani, ukaanza kutetemeka, akajifanya anajikuna.

Mlango wenyewe ulimwangukia pale pale gerejini, saa za kazi, kutoka kwenye mnyororo ambao kila mtu alishamwambia Bosi kwamba umechakaa. Na Bosi alifanya nini? Alimpa vidonge vya maumivu na ruhusa ya kupumzika mpaka kesho yake. Mwisho wa mwezi akamkata mshahara kwa ajili ya kioo cha ule mlango, kilichovunjikia kwenye bega la mtu. Sitii chumvi. Kioo kilikuwa na bei, bega halikuwa na bei.

Fundi bodi asiye na mkono hakai gerejini, hilo Nyoosha alilijua bila kuambiwa. Kwa hiyo kazi za msasa na za kuziba mashimo kwa puti alizifanya mchana kwa mkono wa kushoto, na za nyundo alizipakia kwenye mkokoteni jioni akisema atamalizia nyumbani. Bosi alimsifu sana mbele ya wenzake kwa bidii hiyo, maana kazi ya nyumbani hailipwi. Kesho yake bati lilirudi limenyooka, safi, hata kovu huoni. Aliyelinyoosha ni mkewe.

Mwanamke huyo mchana alisugua ngazi za jengo la ofisi, ghorofa baada ya ghorofa, na jioni alishika nyundo nyuma ya nyumba, turubai limetundikwa kuzuia macho. Mumewe alishika chuma kizito upande wa pili wa bati, akatafuta mahali, kisha akasema neno moja tu: "Piga." Alilisema chini chini, majirani wasije wakasikia anayeambiwa ni nani. Naye akapiga pale pale, si pembeni. Alikuwa amefundishwa vizuri, na mwalimu wake alikuwa mkali.

Mama yake Nyoosha aliishi nao, na ndiye aliyetundika lile turubai. Kazi yake ilikuwa kukaa na kiti chake mlangoni mbele, na aliyepita akauliza kelele hizo ni za nini, alijibiwa kwamba mwanangu huyo, hapumziki. Alijua kila kitu isipokuwa bega lenyewe liliumiaje. Nyoosha alimwambia aliteleza bafuni. Alimwambia hivyo kwa woga, kwa sababu mama huyo hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Nyoosha alipokuwa mtoto, mwalimu alimpiga kofi sikioni, na mama akaenda shuleni akasimama katikati ya mstari wa asubuhi, akamtaka yule mwalimu aje ampige na yeye. Nyoosha hajaisahau aibu ile mpaka leo.

Gari lililoleta balaa lilikuwa na umri mkubwa kuliko mafundi wengi waliolizunguka. Pua ndefu, taa za duara, milango mizito ya chuma cha enzi zile. Mwenyewe alikuwa mstaafu, amelirithi kwa baba yake, na alitaka lirudi kama siku baba yake alipolileta nyumbani. Gereji ya kwanza aliyoipelekea ilikata bawaba moja kwa grenda, mashine ya kukatia chuma, na bawaba hizo hazipatikani tena, alishazitafuta mpaka akachoka. Ndiyo maana alisimama kando ya mlango wa dereva akauwekea kiganja, akasema bawaba zilizobaki asiziguse mtu kwa grenda. Pini zitolewe kwa mkono, bawaba zibaki nzima.

Bosi akamwita Nyoosha. Akamshika bega, lile lile, akamwambia mteja kwamba gari lake limepata mtu.

Milango ilikuwa lazima itoke, kwa sababu nguzo zilizoshika bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu na zisingechomelewa milango ikiwepo. Na pini za gari lile zilitiwa kutoka juu. Upande wa juu pini ilikuwa nene kidogo, ina vimeno vya kung'ata. Hata uipende vipi, haitoki kwa kushuka. Fundi anachuchumaa, anaweka chuma chembamba cha kusukumia chini ya pini, na nyundo inakwenda juu. Juu, pigo baada ya pigo, mpaka iachie.

Nyoosha akaanza kuchelewesha. Alimimina mafuta ya breki kwenye bawaba, akasema pini ziachwe zinywe. Mwanzoni walimwelewa, ndivyo inavyofanyika. Kesho yake akamimina tena. Baadaye wenzake wakawa wanampita wakimuuliza kama pini zimeshiba au ziletewe za pili, naye akicheka nao. Nyumbani hakusema chochote. Mkewe alimuuliza mbona siku hizi harudi na mkokoteni, akajibiwa kazi imepungua.

Hapo ndipo ninapomkasirikia hata yeye. Mwanamke anakubebea nyundo, anarudi kutoka kazini miguu imevimba na bado anakubebea nyundo, halafu unamwambia kazi imepungua.

Bosi uvumilivu ulimwisha. Alitoka ofisini akasimama nyuma ya Nyoosha, mikono kiunoni, akasema leo anataka kuona. Nyoosha akashika nyundo. Liko pigo la kutoka juu linaloruhusiwa, la kuishtua kutu, moja au mawili tu. Akalipiga. Mkono ulishuka vizuri kama zamani, na mafundi waliokuwa karibu wakasogea kutazama. Baada ya hapo alitakiwa achuchumae.

Hakuchuchumaa. Alipiga tena kutoka juu, na tena, na tena. Alijua anachofanya, alijua kila pigo linaikaza pini badala ya kuitoa, lakini mkono ulikuwa na njia moja tu na watu walikuwa wanatazama. Ncha ya juu ya pini ikaanza kutawanyika na kufunika ukingo wa bawaba kama kofia ya uyoga. Mpaka rangi wa gereji, ambaye ni rafiki yake, alisogea akamnong'oneza, "Fundi, hii si inatoka kwa kupanda?" Nyoosha akamwambia akashike rangi zake.

Bosi aliinama akaitazama pini. Akamuuliza Nyoosha mbele ya wote kama amelewa au amezeeka. Kisha akasema mwenye gari anakuja kesho mchana. Akikuta pini bado imo, grenda itapita, na Nyoosha atakusanya vyombo vyake na kwenda kumweleza mteja mwenyewe bawaba imekwenda wapi.

Siku hiyo Nyoosha alirudi mapema, akavua ovaroli, akakaa kitandani bila kuwasha taa. Mkewe alimkuta hivyo. Alimtoa maneno kidogo kidogo, kama mtu anayechomoa mwiba, na aliposikia habari ya kutoka juu akasimama.

"Ulipiga kutoka juu?"

"Mkono haupandi, mke wangu."

"Najua haupandi. Ninayeuvalisha shati ni mimi. Nakuuliza, wewe uliyenifokea mimi jioni nzima kwa kupiga pembeni ya alama, ulipiga pini ya kupanda kutoka juu?"

Nyoosha alisema tu kwamba watu walikuwa wanatazama, na hayo ndiyo yaliyomkera mkewe kupita yote. Alimwambia kwamba amechoka kuwa siri. Amechoka kugonga nyuma ya turubai kama mwizi anayevunja ukuta, jirani akimpa mumewe pongezi na yeye akiitikia asante. Kesho anakwenda gerejini na nyundo yao.

Mama mkwe aliyasikia akaja na fimbo yake. Alisema ndoa hiyo haijapata kuona msiba kama huo. Alisema mwanamke akimpigia mumewe nyundo mbele ya wanaume wenzake, ni afadhali amvue nguo barabarani, maana nguo anaweza kuziokota. Mkwewe alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, kesho wanamfukuza. Tukificha wanamfukuza, tukionyesha huenda wasimfukuze. Nichague nini?"

Mama mkwe alirudia yale ya nguo.

Kesho yake mwanamke aliomba ruhusa kwa mkuu wake wa usafi, akanyimwa, akaondoka hivyo hivyo. Alifika gerejini na mfuko wa sokoni, ndani yake nyundo, mshumaa na matambara. Mafundi walimsalimia shemeji, wakidhani kaleta chakula. Mwenye gari alikuwa ameshafika, amesimama pembeni na simu mkononi. Bosi alikuwa ameshatoa grenda na kuiweka juu ya tairi, mahali ambapo Nyoosha ataiona.

Mwanamke alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Alitazama ile kofia ya pini, akaigusa kwa kidole. Nyoosha alitamani ardhi ipasuke.

"Leteni jeki," alisema. "Na ubao."

Walicheka, lakini yule mpaka rangi alileta. Akaweka jeki chini ya mlango, ubao juu yake, akainua mpaka uzito wa mlango ukatoka kwenye pini. Akalowesha matambara, akayapanga kwenye kitambaa cha ndani kisishike moto. Mumewe, bila kuambiwa, alikuwa ameshawasha gesi. Alipasha bawaba pande zote kwa mkono wa kushoto, si pini, bawaba, polepole mpaka ikaanza kufuka. Mkewe akaugusisha mshumaa kwenye bawaba. Nta iliyeyuka, ikakaa juu kidogo, kisha ikavutwa ndani kwenye ule upenyo ambao jicho halikuwa linauona. Mwenye gari alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, akainua simu akaanza kurekodi.

Kisha mwanamke akachuchumaa chini ya bawaba na nyundo, na Nyoosha akapiga goti kando yake, akakishika kile chuma cha kusukumia chini ya pini kwa vidole vya kushoto. Kicheko kilikatika. Kila fundi pale alielewa wakati ule ule. Vidole vya mtu haviwekwi chini ya nyundo ya mgeni. Wale wawili walishazoeana.

Mwanamke hakupiga.

"Sema," alimwambia.

Nyoosha alisema kwa sauti ile ya nyuma ya turubai.

"Sijasikia."

Shingo ya mwanamume ililowa jasho. Bosi alikuwa amesimama pale, mpaka rangi, wachomeleaji, mteja na simu yake, watu waliomwita Nyoosha kwa heshima miaka yote. Mkewe angeweza kumwonea huruma, lakini hasira ilikuwa bado haijamtoka, na mimi simlaumu.

"Piga," alisema Nyoosha, na safari hii hata waliokuwa barabarani walisikia.

Akapiga. Nyundo ilipanda, ikagonga chuma katikati. "Piga." Ikapanda tena. Kutu ilimwangukia mwanamke machoni, akafumba, akapiga akiwa amefumba. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila mlio mkavu wa chuma kinachokataa. Walipasha tena, wakatia nta tena, wakarudi. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito zaidi, na ile kofia ya uyoga ikaachana na ukingo wa bawaba, upana wa ukucha. Mpaka rangi alisema, "Imetoka, imetoka," kama mtu anayejisemea. Mapigo machache zaidi, pini ikapanda yote, ikaanguka sakafuni, ndefu, nyeusi, bado inafuka. Bawaba ilikuwa nzima.

Walipiga makofi. Mwenye gari alimshika Nyoosha mkono, kisha akamshika mkewe. Mwanamke alikaa pale pale chini akapumua, na kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama mumewe bila ukali.

Bosi alipiga makofi kuliko wote. Kisha akaanza kusema, na alisema akitabasamu, ndiyo ubaya wenyewe. Alisema kumbe siku zote hizi amekuwa akimlipa mshahara wa fundi mtu asiye na mkono. Alisema hana kinyongo, hata hivyo. Pini za mlango huo hazijaisha, ya chini bado imo, na kazi za nyundo ni nyingi. Kwa hiyo Nyoosha akapumzike nyumbani, na kuanzia kesho shemeji aje yeye. Atamlipa kibarua cha siku, si cha fundi bila shaka, maana cheti hana na ni mwanamke, lakini kitakishinda kile cha kusugua ngazi. Alisema hayo kama mtu anayegawa zawadi, akawageukia mafundi wacheke naye. Wawili walicheka.

Mwanamke alisimama. Alimuuliza kwa adabu kabisa kama anakumbuka mkono huo uliharibikia wapi.

"Shemeji, hayo yalishapita."

"Mlango ulianguka hapa. Mnyororo ulikuwa wako."

"Nimesema yalishapita. Mbona mnapenda kufukua mambo? Shukuru umepata kazi."

Mafundi walitazama chini. Mnyororo wenyewe ulikuwa bado unaning'inia juu ya vichwa vyao, ule ule.

Nyoosha aliinama akaiokota pini kwa tambara, akaipangusa kutu, taratibu, kama alivyokuwa akipangusa vyombo vyake kila jioni. Wote walidhani anampa mteja. Aliirudisha kwenye bawaba. Aliitumbukiza kutoka juu, kwa njia yake, mpaka vimeno vikagusa, kisha akaweka chuma juu yake na kumwambia mkewe, "Shika."

Mwanamke alimtazama. Akakishika chuma kwa vidole vyake.

"Fundi, unafanya nini?" aliuliza Bosi.

"Hili naliweza," alisema Nyoosha. "Kushuka unashuka."

Alijiinulia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, mbele ya wote, bila kujikuna na bila kujificha, akaupandisha mpaka nyundo ikawa juu ya bega. Kisha akauachia. Ulishuka na uzito wa miaka yote ya kazi. Pini ikazama nusu. Akauinua tena, akauachia tena. Bosi alikuwa ameanza kupiga kelele, anamwita mpuuzi, anamwita mhaini, lakini hakusogea karibu na nyundo ile. Vidole vya mwanamke havikutikisika. Alipomaliza, pini ilikuwa imekaa kwenye bawaba kama haijawahi kutoka.

Nyoosha alimgeukia mwenye gari. Alimwambia bawaba yake ni nzima kama alivyoileta, na amsamehe, hana ugomvi na gari la baba yake. Siku atakapotaka pini itoke, aulize nyumba yenye kelele za nyundo jioni, ataonyeshwa. Mwenye gari alikuwa bado amenyanyua simu. Hakujua aishushe au aendelee.

Walitoka getini Bosi akiwafuata kwa maneno, kwanza matusi, kisha ahadi, kisha bei, na bei ilikuwa inapanda kila walipopiga hatua. Hawakugeuka. Njiani Nyoosha alitaka kumbebea mkewe mfuko, mkewe akauvuta mfuko wake.

"Mimi na wewe bado hatujamalizana," alimwambia. "Eti kazi imepungua."

"Nisamehe."

"Tutazungumza nyumbani."

Mama alikuwa mlangoni na kiti chake. Aliwaona wakija wakati ambao mtu mwenye kazi harudi, akajua. Akamuuliza mkwewe, bila hata salamu, kama watu wamemwona.

"Wameniona, mama. Na mwanao wamemwona."

"Wote?"

"Wote. Wameona bega. Bosi anasema mambo ya mlango yalishapita."

"Mlango gani?"

Nyoosha alifumba macho. Mkewe naye alikuwa amesahau kuwa hilo halijulikani, au labda hakusahau. Alimweleza mama mkwe yote, pale pale mlangoni, kwa sauti ya kawaida ambayo majirani waliisikia. Mnyororo uliochakaa, mlango wa lori, vidonge, ruhusa mpaka kesho, na kioo kilichokatwa kwenye mshahara wa mtu aliyevunjikiwa nacho. Mama alisikiliza akimtazama mwanawe, si usoni, begani.

Kisha akashika fimbo yake, akanyanyuka kwenye kiti.

"Nileteeni viatu vyangu," alisema.